Mkate wa Mtani

Longinus Tawete hakuwahi kubisha hodi. Alikuwa akiingia chumbani kwangu, anaweka mkate ulioungua juu ya meza, kisha anauliza kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano kama humu ndani mna binadamu au ni Wahehe watupu. Nami namjibu kwamba binadamu walikuwepo, wamekimbia harufu ya Mngoni. Anakaa, anavua kofia. Kwenye kishikwambi changu taa ya Msikizi, kidude kinachowasikiliza wagonjwa wangu, inageuka njano, maana hakikuwahi kuamini kwamba watu wanaotukanana namna ile wanaweza kupendana.

Naitwa Blandina Kikoti, na kazi yangu ni kuongea na wagonjwa. Watu wa Makambako humwita daktari kila anayefanya kazi kituoni kwetu, hata mlinzi, lakini Longinus alikataa. Mimi alikuwa akiniita mtumwa wangu. Babu zake na babu zangu walipigana mpaka wakachoka, wakaweka mikuki chini, wakaturithisha matusi, na hayo matusi ndiyo undugu wetu. Mtani wako anaweza kukuchukulia kuku mbele ya macho yako na wewe ukatakiwa ucheke. Siku ya msiba wako ndiye anayevaa koti lako na kuigiza mwendo wako mbele ya waombolezaji, ili watu wapate kucheka katikati ya kilio. Ukinuna, wewe ndiye mkosaji.

Alikuwa na tanuri karibu na stesheni ya reli, na mikate yake ilisubiriwa na mji mzima. Kila wiki alichagua ule ulioungua kuliko yote akaniletea, akisema ndio unaofaa meno ya watumwa. Niliula. Na niseme ukweli, niliupenda.

Mara ya kwanza hakuja na mkate. Aliletwa na mkewe, Editruda, amemshika kiwiko, na tanuri lilikuwa limezimwa tangu kiangazi. Hakuwa amefiwa, hakuwa amefilisika, wala hakuwa amelogwa, ingawa ndugu walishapeleka mbuzi kwa mtu aliyewahakikishia kwamba amelogwa. Alikuwa anaumwa tu. Watu wanataka huzuni iwe na sababu, wakiikosa wanaitungia, lakini hii ilimjia kama kutu inavyolijia bati.

Niliwaeleza watarajie nini, kama ninavyowaeleza wote. Dawa haileti furaha, niliwaambia, na itachukua majuma kabla haijaonyesha kitu. Itamkausha mdomo, itamzidishia usingizi, na kwa kitambo ataapa kwamba alikuwa heri bila hiyo. Kuhusu maneno niliwaonya wasidhani ni maongezi ya kibarazani. Kuna siku atatoka humu ameumia kuliko alivyoingia, na hiyo ndiyo siku ya kutokosa kurudi wiki inayofuata. Kimoja bila kingine hakitoshi. Longinus mwenyewe, alipopata nguvu ya kusema, alilieleza jambo hilo vizuri kuliko mimi: dawa ni hamira, maneno ni kukanda, na hamira peke yake haijawahi kuwa mkate.

Siku ile ya kwanza Editruda aliniuliza swali moja tu, kama mume wake atarudi kuwa yule yule. Nilimwambia ndiyo. Nilimwahidi.

Na alirudi. Taratibu, kwa kusuasua, wiki mbili mbele wiki moja nyuma. Alianza kwa kunijibu, halafu akaanza kunikatiza, na siku alipogundua mimi ni Mhehe aliniangalia muda mrefu, akauliza ni lini watumwa walianza kukalia viti. Mimi nilikwenda chooni nikalia kwa furaha. Wiki iliyofuata tanuri liliwashwa.

*

Zamani dozi ilipangwa na daktari. Alikaa na mshauri kama mimi, wakalinganisha alichokiona huyu na alichokisikia yule, wakakubaliana. Lakini madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa wa kutafuta kwa tochi, na wetu, Dokta Rweyunga, alikuwa na mikoa minne peke yake. Ndipo Msikizi akaletwa.

Ni kidude chenye ukubwa wa punje ya harage. Kinapandikizwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, kikiwa na dawa ya kutosha msimu mzima. Kinadondosha dawa kwenye damu kidogo kidogo, na kinasikiliza. Kinapima kasi ya maneno, urefu wa kimya, mtetemo wa koo, na maneno yenyewe, kisha baada ya kikao kinaamua kuongeza, kupunguza au kuacha ilivyo. Walikifundisha Kiswahili vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Kilijua kwamba mtu akiulizwa habari za nyumbani atasema nzuri hata kama nyumba inateketea, kwa hiyo kilisubiri neno "ila" ndipo kianze kutega sikio. Utani ndio ulikishinda.

Mwaka wa kwanza, mikoa yetu ya nyanda za juu iliwasha taa nyekundu kuliko nchi nzima. Watu walikuwa wakitakiana vifo na kupangiana mazishi kutwa kucha, na Msikizi aliamini kila neno. Bodi inayosimamia Msikizi ikakaa, ikaja na kitufe. Taa ikiwa nyekundu, mshauri anaulizwa: Utani, au Si utani? Anatakiwa kujibu kabla jua halijazama, na asipojibu inahesabiwa Si utani.

Si utani maana yake ni Utulivu. Hiyo ni dozi nzito iliyofungwa kwa mwaka mzima, ambayo si mimi, si mgonjwa wala si mkewe anayeweza kuipunguza. Waliifunga kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiwabembeleza washauri, na sisi washauri tunabembelezeka. Tena kwa kuwa mtu aliye kwenye Utulivu halii wala hatishii, vikao vyake vinapunguzwa, kinabaki kimoja kila msimu, cha kumkagua tu. Wodi za wagonjwa wa akili nazo zilishafungwa, vitanda vikahamishiwa wodi ya wazazi. Ndivyo mambo yalivyokuwa: kitufe kimoja, majibu mawili, na katikati hakuna kitu.

Gaudens Mlowe, mshauri mwenzangu wa kituo cha jirani, alikuwa hodari kuliko sisi sote. Mgonjwa wake alitania, taa ikawa nyekundu, Gaudens akabonyeza Utani kisha akaenda kukaa naye sebuleni kwake ili amlinde kwa macho yake mwenyewe. Akatoka kidogo kumfungulia mgeni geti. Mazishi yalikuwa kesho yake, na kwa kuwa walikuwa watani, watu walimtazama Gaudens wakimsubiri avae koti la marehemu. Hakuweza. Siku hizi anauza mbao, na ukimsalimia anaitika kwa mkono.

*

Siku ninayoisimulia, Longinus aliingia kama kawaida yake, akaweka mkate mezani, akasema ameuchoma kwa mikono yake mwenyewe kwa heshima yangu. Ulikuwa mweusi juu na chini.

"Mtumwa wangu," akasema, "Jumamosi usipange safari. Kuna msiba."

"Wa nani?"

"Wangu. Na uwahi. Nyie Wahehe mna tabia ya kufika wakati wa ubwabwa."

Nikamwambia nitakuja na sufuria yangu kabisa, na lile koti lake la kijivu nalitaka, wasije wakafukia mali nzuri pamoja na Mngoni. Ndivyo mtani anavyotakiwa kujibu. Ningejibu vingine angeniona mgonjwa mimi.

"Koti nimeshaliweka pembeni," akasema. "Nimemwambia Editruda ni lako."

Halafu akacheka. Na hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka, kwa sababu kicheko kilichelewa. Nilikuwa nimemzoea Longinus kucheka kabla hajamaliza kusema, mpaka inabidi umwambie arudie. Safari hii alisema, akanyamaza, akaniangalia usoni, ndipo akakumbuka kucheka. Kwenye kishikwambi taa ilikuwa nyekundu, lakini nyekundu ya utani niliizoea. Kilichonitisha ni kile kicheko.

Nikamtembeza pole pole kwenye mambo mengine. Usingizi, anapata. Chakula, anakula. Tanuri je? Tanuri zuri, akasema, ameanza kumfundisha Editruda kupima chumvi.

Asiyemjua Longinus hataona kitu hapo. Longinus hakuwahi kumwachia mtu chumvi. Vibarua walikanda, walikata, walichoma, lakini chumvi aliipima yeye, kwa kiganja chake, amewapa mgongo. Hata wakati ule alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, alikataa tanuri liwashwe, kisa nani atapima chumvi. Sasa anaigawa.

Inaweza kuwa mtu amepona kiasi cha kumwamini mwenzake. Nilikuwa nimemkanda mwaka mzima ili afikie hapo, aache kubeba kila kitu peke yake. Inaweza pia kuwa mtu anafunga mizigo.

"Longinus," nikasema, "weka utani pembeni."

Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Nikiuweka pembeni, mtani, nabaki na nini?"

"Nijibu. Unataka kufa?"

"Ukiniuliza kama daktari, nakujibu kama mgonjwa: sijambo. Ukiniuliza kama mtani, nimeshakujibu." Akachukua kofia yake. "Kitufe unacho wewe."

Nilimsihi akae. Nilimwambia tuongee mpaka jioni kama akitaka, niko tayari kuwarudisha wagonjwa wengine nyumbani. Akasema ana unga unaumuka, na unga haumsubiri Mhehe. Akaenda zake, na mimi sikuwa na nguvu ya kumzuia wala mlango wa kumfungia.

Ndivyo utani ulivyo, na ndiyo maana nauchukia kama ninavyoupenda. Ndani yake mtu anaweza kusema ukweli ambao nje yake ungemvua nguo. Lakini ukishauliza kama ni kweli, umebomoa nyumba mliyokuwa mmeingia wote wawili, na hutapata jibu. Wazee walisema lisemwalo lipo. Walisema pia mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hawakusema la kufanya.

*

Nilikwenda mwenyewe kwa miguu hadi kwenye tanuri. Longinus alikuwa nyuma, nikimsikia akimfokea kibarua kwa Kingoni. Editruda alikuwa mbele akipanga mikate kwenye kreti, unga hadi kwenye nyusi. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, aliyezoea kusikiliza kuliko kusema. Nikamwomba tutoke nje.

Nilimuuliza habari ya chumvi. Akasema ni kweli, tangu wiki iliyopita, na kwamba alifurahi sana maana ni mara ya kwanza mumewe kumshirikisha. Nikamuuliza habari ya koti. Akasema aliambiwa, akaona ni ule upuuzi wao wa kila siku. Jumamosi je? Jumamosi Longinus amesema atakwenda peke yake Songea kusafisha kaburi la mama yake, na kurudi Jumapili.

"Kwa nini?" akauliza. "Daktari, kwa nini unauliza?"

Nilimweleza. Sikupaswa, lakini nilimweleza yote: taa, kitufe, jua. Nikamweleza Utulivu ni nini. Nikamwambia mume wake ataishi, hilo karibu lina uhakika, lakini huyo atakayebaki naye nyumbani anaweza asiwe yule tuliyemrudisha kwa shida yote ile. Nikamwambia pia kwamba inawezekana kabisa alikuwa anatania, na kwamba tutakuwa tumemzika mtu aliye hai kwa sababu ya mzaha.

Editruda alipangusa mikono kwenye aproni.

"Uliniahidi atarudi yule yule," akasema.

"Nilikuahidi."

"Sasa mimi sitaki tena hiyo ahadi. Nataka mtu arudi nyumbani. Akirudi kimya, nitaongea mimi."

Akarudi kwenye kreti zake. Longinus akatokea mlangoni, akaniona, akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni kama nimekuja kuomba makombo. Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nilitakiwa kumjibu na sikumjibu, na nadhani aliona, kwa sababu aligeuka, akaingia ndani.

*

Dokta Rweyunga nilimpata kwenye simu mchana ukiwa umeshapinda. Alikuwa njiani baina ya hospitali mbili, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala vizuri. Nilimsimulia. Alisikiliza bila kunikatiza, halafu akaniambia angefanya nini enzi zake. Angeongeza dawa kidogo, kidogo tu. Angeniambia nimwone Longinus kila siku badala ya kila wiki, kwa muda, mpaka lile wimbi lipite, maana hupita. Angemwita Editruda, angemwita na ndugu mmoja mwenye akili, wawe wanapokezana kukaa naye. Dawa kidogo, maneno mengi, na mtu wa kulala naye nyumba moja. Baada ya hapo angekuja mwenyewe, angekaa naye, angemtazama machoni.

"Basi tufanye hivyo," nikasema.

Akacheka kicheko kibaya. Akaniambia ameshaandikia Bodi maombi ya namna hiyo mara nyingi, na majibu huja baada ya majuma, yakisema njia hiyo haipo kwenye mfumo. Akiigusa dozi kwa mkono wake Msikizi atajifunga na kumhesabu Longinus kuwa Si utani moja kwa moja. Hakuna kitufe cha "labda", akasema. Waliotengeneza walimuuliza, naye aliwaambia kiwepo, wakasema kitachanganya watu.

Nikamuuliza yeye angebonyeza nini.

"Aliye hai anaweza kukulaumu, Blandina," akasema. "Mpe hiyo nafasi ya kukulaumu."

Nilirudi chumbani kwangu. Mkate ulikuwa bado mezani. Niliukata nikala kipande, mkaa unalia kwenye meno, na nikajaribu kumsikia tena Longinus anavyocheka, nimpimie tena kile kicheko, nione kama kweli kilichelewa au ni mimi niliyewahi. Unaweza kukirudia kicheko kichwani mpaka kikapoteza maana. Kuna wakati nilikuwa na hakika kwamba anatania. Nikakumbuka Gaudens na geti lake. Kuna wakati nilikuwa na hakika kwamba haniambii mzaha, ananiaga, na ananiaga kwa njia pekee ambayo Mngoni anaweza kumuaga Mhehe bila kumdhalilisha wala kudhalilika. Nikakumbuka alivyosema nabaki na nini.

Heri nusu shari kuliko shari kamili, nikajiambia. Ni msemo wa watu walioshindwa, lakini ndio niliokuwa nao. Jua lilikuwa limeshagusa miti ya mbao upande wa magharibi. Nikabonyeza Si utani.

Kishikwambi kikanishukuru kwa uamuzi wangu. Mtaa wa pili kutoka pale, chini ya ngozi ya mtu aliyekuwa akitoa mikate tanurini, punje ya harage ilifungua mlango wake wa pili. Hakusikia maumivu, nina hakika. Jumamosi ilikuja ikapita. Hakwenda Songea. Editruda alinitumia ujumbe kwamba ameshinda nyumbani, amekula, amelala.

*

Nilimsubiri msimu mzima. Sikuruhusiwa kumwita kabla, na nilipopita dirishani pale kwenye tanuri nilimwona mara moja tu, anapanga kreti, akamaliza, akasimama kama mtu anayesubiri kuambiwa la pili. Editruda ndiye aliyekuwa akipima chumvi.

Nilijiandaa. Nilijua atakuja kunilaumu na nilikuwa naitaka ile lawama kama mtu mwenye kiu. Nilitunga majibu yangu. Atasema nimemuuza, mtumwa amemsaliti bwana wake, nami nitamwambia watumwa wana haki ya kuasi, na huenda tukaanza tena kutokea hapo. Nilishajua mpaka tusi la kufungulia. Nilijipa moyo kwamba mwaka si milele, na mtu aliyerudi mara moja anaijua njia.

Siku ilipofika mvua zilikuwa zimeshaanza. Nilisikia mlango unagongwa, taratibu. Sikuelewa ni nani, nikasema karibu.

Alikuwa Longinus. Amevaa shati lililopigwa pasi, amenyoa, amenenepa kidogo, uso umelainika. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwonyesha kiti. Kisha akanipa mkate kwa mikono miwili, umefungwa kwenye karatasi safi, na akainamisha kichwa.

"Habari za asubuhi, daktari."

Nilimwangalia. Nikakusanya nguvu zangu zote nikamwambia kwamba siku hizi Wangoni wanabisha hodi, dunia imekwisha, au ni kwamba wamechoka kuiba kupitia dirishani. Nililisema vizuri, kwa sauti yetu ile ile. Kwenye kishikwambi taa ya Msikizi ilibaki kijani.

Longinus alifikiri. Nilimwona akifikiri, akilitafuta lile jambo kwa nia njema kabisa, mahali ambapo lilikuwa likikaa.

"Samahani, daktari," akasema, "sijakuelewa vizuri."

Basi nikamkagua, maana ndicho kilichobaki. Usingizi, mzuri. Chakula, anakula. Mdomo mkavu, kidogo, si sana. Mawazo ya kujidhuru, hana. Huzuni, hana. Nikamuuliza kama kuna kinachomfurahisha, akasema hakuna kinachomsumbua. Alijibu kila swali kwa adabu, akasubiri lingine. Nimewahi kuongea na wagonjwa waliokuwa wakinirushia viti, na sijawahi kuchoka kama nilivyochoka asubuhi ile.

Mwishoni nikamuuliza lile ambalo halikuwa kwenye maswali ya Bodi. Nikamuuliza kama anakumbuka kikao cha mwisho, msiba wa Jumamosi na koti la kijivu.

"Nakumbuka."

"Ulikuwa unatania?"

Akafikiri tena, na safari hii alichukua muda, na ninaamini alitaka kweli kunisaidia.

"Sijui, daktari. Yule alikuwa anajua. Mimi sijui."

Hakukuwa na lawama kwenye sauti yake, hata chembe. Nilitafuta. Nikamuuliza kama ananikasirikia, akasema hapana, kwa nini, mke wake anamwambia kila siku kwamba nimemwokoa. Na Editruda alikuwa nje kwenye benchi, nilimsikia akimsimulia mlinzi habari za bei ya ngano, sauti ile ndogo sasa imekuwa kubwa, inasema bila kupumzika, kama alivyoahidi.

Kikao kikaisha mapema. Kishikwambi kikauliza swali lake la kufungia, lile linalokuja kila kikao: Je, kulikuwa na utani? Mwaka mzima nilikuwa nimelibonyeza bila kuangalia, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikabonyeza Hapana.

Longinus alisimama, akavaa kofia, akaniaga. Alifika mlangoni akasita. Akageuka, amekunja uso kidogo, na mimi nikainuka nusu kutoka kwenye kiti, Mungu anisamehe, nikidhani tusi linakuja.

"Daktari, ule mkate umeungua kidogo pale pembeni," akasema. "Samahani sana. Wiki hii nitakuletea mwingine mzuri."

Akafunga mlango pole pole ili usigonge. Nilifungua ile karatasi. Mkate ulikuwa wa dhahabu, umeumuka sawasawa, mkate ambao mji mzima ungeugombania. Niliugeuza huku na huku mpaka nikaliona, doa dogo jeusi kwenye pembe, ukubwa wa ukucha. Nikalimega nikalila peke yake, na mkate mzima nikaupeleka kwa mlinzi.